Mtoto wa miaka miwili kwenye bustani ya burudani siku nzima: nimshughulishe vipi?

Mama_Wawili

Habari zenu wazazi wenzangu. Nina watoto wawili: wa kwanza wa kike ana miaka minane, mdogo wake wa kiume ana miaka miwili na miezi mitatu. Yule mkubwa tulimwahidi siku nyingi kwamba tutampeleka kwenye bustani kubwa ya burudani, hizi zenye treni za mteremko, mitumbwi inayoporomoka majini na mashine za kuzungusha watu huko juu. Zimebaki wiki tatu, na kinachoninyima usingizi ni huyu mdogo.

Miezi mitano iliyopita tulijaribu bustani ndogo. Asubuhi ilikwenda vizuri. Halafu tukapanga foleni ya vigari vya umeme, dakika arobaini, mimi nimembeba. Tulipofika mbele akasimamishwa kwenye kipimo, akaonekana hafiki. Alikuwa ameshachoka hata kabla ya kukataliwa; alilia mpaka akatapika. Akaja mtu aliyevaa vazi la dubu kumbembeleza, hapo ndipo mambo yalipoharibika kabisa. Tuliondoka saa nane mchana. Dada yake alikuwa amepanda michezo miwili tu, na njia nzima ya kurudi hakusema neno. Kimya chake kiliniumiza kuliko kile kilio.

Naomba uzoefu wenu. Nimshughulishe na nini kwenye foleni? Usingizi wake wa mchana ni saa saba, kama saa moja na nusu hivi, na akiukosa jioni yote inavurugika. Simu sitaki iwe ndiyo mlezi wake siku nzima. Baba yao anasema mdogo abaki kwa shangazi yake, ila mimi natamani twende wote wanne.

Baba_Pacha

Pole sana mama. Sisi tuna pacha wa miaka mitatu na kaka yao wa tisa, hali yako naijua. Kilichotusaidia kuliko vyote ni utaratibu wa wazazi kupokezana, ambao bustani nyingi kubwa wanao. Mmoja anapanda na mkubwa, mwingine anabaki nje na mdogo. Wakishuka, aliyebaki anaingia bila kuanza foleni upya. Ila umwambie mtumishi wa mlangoni kabla hamjapanga foleni, na mtoto awepo amwone kwa macho. Ukienda kuomba baadaye, mara nyingi umechelewa. Kwenye bustani za Disney utaratibu huo upo, na kule Florida mtoto ambaye hajafikisha miaka 3 anaingia bila tiketi, kwa hiyo hata mkiondoka mapema kwa ajili yake hujapoteza kiingilio chake.

Na kigari cha kumsukumia, angalia vipimo kabla hujasafiri nacho. Tangu Mei 2019 bustani za Disney za Marekani hazipokei kigari kinachozidi upana wa sentimita 79 au urefu wa sentimita 132, na vile vya kukokota kwa mkono kama mkokoteni vimekatazwa kabisa. Bustani nyingine zina masharti yao. Nimeona familia imesimama getini inahamisha mizigo kwenye kigari cha kukodi, watoto wanalia, siku haijaanza bado.

Tulia_Kwanza

Mimi namuunga mkono baba yao. Dada mtu amesubiri muda mrefu na safari hii ni yake. Mtoto wa miaka miwili hataikumbuka, lakini yule wa minane ataikumbuka maisha yake yote. Mpeni siku moja ya kuwa na wazazi wake wote wawili. Kwa shangazi si porini, mdogo atacheza na atalala kwa wakati wake.

Zamu_ya_Asubuhi

Mama Wawili, mdogo wangu, nimeendesha mashine ya farasi wa kuchezea wanaozunguka kwenye bustani moja kwa misimu sita, na nina watoto watatu niliowapitisha umri huo. Nitaandika kirefu kwa sababu jambo hili niliishi nalo kila siku nikiwa pale kwenye kibanda changu.

Nilikuwa naona watoto wale wale mara mbili. Saa tatu na nusu asubuhi mtoto anakuja, anamshika farasi masikio, anacheka mpaka mashine inasimama na hataki kushuka. Saa tisa alasiri wazazi wake wanamrudisha kwa sababu "asubuhi aliwapenda sana hawa farasi", na mtoto anapiga kelele kabla sijabonyeza kitufe. Farasi ni wale wale na muziki ni ule ule. Kilichobadilika ni kwamba amekaa zaidi ya saa tano kwenye jua na makelele bila kulala. Kwa hiyo swali la kwanza kabla ya vitu vya kuchezea ni saa. Vitu vyote vya mdogo viwekeni asubuhi, mlango ukifunguliwa tu. Watu wengi wakifika hukimbilia treni kubwa zilizo ndani kabisa, na sehemu ya watoto wadogo inabaki wazi kwa muda mzuri. Mpe saa moja na nusu pale bila foleni. Michezo ya dada yake ianze baada ya hapo.

La pili, kabla ya kumpandisha kitu chochote, simama naye kwenye uzio aone mzunguko mmoja mzima: watu wanapanda, mashine inazunguka, inasimama, watu wanashuka wakiwa salama. Huo mwisho ndio muhimu. Mtoto anayepakiwa juu kwa juu hajui kama kitu kile kitasimama. Wale waliotazama kwanza walikuwa wanapanda wenyewe, wengine wakiniaga kwa mkono kila wakinipita.

Kwa farasi wenyewe, wa ndani na wa nje wanamaliza mzunguko kwa muda ule ule, lakini wa nje ana duara kubwa zaidi la kukimbia, kwa hiyo mwendo wake ni mkali zaidi. Mtoto mwoga mkalishe safu ya ndani. Mashine nyingi zina farasi wasiopanda na kushuka, na kiti cha benchi kama gari la kukokotwa. Anza hapo. Simama ubavuni pake, mkono wako nyuma ya kiuno chake, hata kama mkanda umefungwa. Akishtuka katikati ya safari mkumbatie kifuani na umwashirie mwendeshaji, usijaribu kushuka naye. Tunaweza kusimamisha, ila jukwaa zito kama lile halisimami papo hapo.

Kuhusu urefu, mpime nyumbani akiwa na viatu atakavyovaa siku hiyo, kisha soma masharti ya kila mchezo kwenye tovuti ya bustani na uandike yale anayoruhusiwa. Usimuahidi kingine. Na tafadhali usimwekee kitu ndani ya kiatu ili afike kwenye mstari, nimeshuhudia wazazi wakifanya hivyo. Ule mstari unahusu chuma cha kumzuia kinapomkalia mwilini. Mtoto mfupi hakimkamati inavyotakiwa, anaweza kuchomoka.

Sasa foleni. Msipange foleni na mtoto wa miaka miwili kama mnaweza kuepuka. Fanyeni kama alivyosema Baba Pacha. Kama ni lazima, andaa kimfuko chenye vitu vidogo ambavyo hajawahi kuviona, na ukifungue kwenye foleni tu. Kitoe kimoja kimoja, kingine kisitoke mpaka hiki kimemchosha. Utepe wa karatasi wa kubandua na kubandika kwenye mkono wako unaweza kumaliza dakika kumi. Stika za kubandika kwenye chupa yake ya maji. Brashi ndogo ya rangi na maji kidogo kwenye kifuniko, achore kwenye reli ya foleni: michoro inakauka yenyewe na anaanza upya. Mzazi mwenye brashi hiyo nilimwona msimu wangu wa pili, na mwaka uliofuata nikamnunulia wangu. Vitu vikiisha, kuna macho: tutafute kofia nyekundu, tutafute mtu mwenye ndevu, nani ana begi lenye mdudu. Mbebe juu unapofanya hivyo, kwa sababu akiwa chini anachokiona ni magoti ya watu.

Nije kwenye jambo ninalolijali kuliko yote. Kulikuwa na kijana mdogo, sijui kama alikuwa amefika miaka mitatu. Wazazi wake walimleta kwangu mara tatu asubuhi moja, na kila mara akageuza shingo kumtazama mfagizi wetu aliyekuwa anakusanya majani. Walimvuta, wakamwonyesha farasi mweupe, farasi mwenye kengele, yeye anageuza shingo. Mara ya tatu baba yake akamwachia mkono. Mtoto akaenda akaanza kuokota majani na kuyatia kwenye kile kibeleshi cha mfagizi, jani moja moja, na mfagizi akamshukuru kwa kila jani. Walikaa pale karibu nusu saa. Sijawahi kumwona mtoto mwenye furaha kama yule kwenye misimu yangu yote sita, na mama yake alikuwa amekaa chini kwenye ukingo wa maua, amevua viatu, anapumzika.

Wanaojenga bustani hizi kwa kuwafikiria watoto wadogo wanalijua hilo. Pale Efteling, Uholanzi, bustani iliyofunguliwa mwaka 1952, wana mapipa ya taka yenye umbo la mtu mnene aliyeachama, anayeita "karatasi hapa", na ukimkaribia anavuta karatasi mkononi mwako kisha anashukuru. Watoto wanazunguka bustani nzima kutafuta karatasi za kumlisha. Bustani za Legoland nazo zina eneo la Duplo, yale matofali makubwa ya kuchezea, kwa wale wadogo kabisa. Kwa hiyo ukimwona wako ameganda kwenye bomba la maji, au bata, au geti linalofunguka na kufunga, usimwondoe haraka. Hiyo ndiyo bustani yake. Weka dakika za namna hiyo kwenye ratiba kama unavyoweka treni za dada yake.

Tulia Kwanza, nakuelewa kuhusu binti, na kweli hii ni siku yake. Lakini mdogo kusahau siku si sababu ya kumnyima siku yenyewe. Anaishi leo kama sisi.

Mama_Wawili

Asanteni sana, nimesoma mara mbili. Dada Zamu ya Asubuhi, hadithi ya majani imenigusa, kwa sababu wangu ni hivyo hivyo, anapenda mifereji na vifuniko vya mashimo. Naomba unisaidie mawili. Usingizi wa saa saba, nifanyeje katikati ya makelele yale? Na wale wenye mavazi ya wanyama? Tangu yule dubu, hata mdoli mkubwa dukani anamkimbia.

Zamu_ya_Asubuhi

Usingizi usiutoe kafara. Mwongozo wa afya kwa umri wake, wa mwaka mmoja hadi miwili, ni saa 11 hadi 14 za kulala kwa siku nzima, na usingizi wa mchana umo humo ndani. Ukikata saa moja na nusu, jioni utadaiwa.

Saa sita na nusu muwe mmeshakula. Mwondoe kwenye muziki na spika, tafuta njia ya pembeni yenye miti, kila bustani inayo, mara nyingi nyuma ya jukwaa la maonyesho au ng'ambo ya maji. Laza kiti cha kigari, mvue viatu, sukuma polepole bila kusimama mpaka alale. Kisha egesha kivulini. Usifunike kigari kwa shuka au kitenge ili kupata giza: hewa haipiti, joto linapanda haraka kuliko unavyodhani, na wewe humwoni. Tumia kivuli cha kigari chenyewe na kivuli cha mti. Hiyo saa moja na nusu ndiyo zawadi ya binti yako. Baba yake anamchukua kwenye treni kubwa mbili au tatu, halafu mnabadilishana, wewe unakwenda naye. Hata Tulia Kwanza atakubali hapo, kwa sababu binti anapata mzazi mmoja peke yake, asiye na mtoto mkononi.

Kama kuna kona ya kunyonyeshea na kubadilishia nepi, iangalieni kwenye ramani mapema. Mara nyingi ni chumba tulivu kuliko chochote kingine ndani ya uzio. Na vyoo vya kujisafisha vyenyewe, kama ameanza kutumia choo, bandika kikaratasi juu ya kile kijicho cheusi kinachoamsha maji kabla hujamkalisha. Maji yakishtuka yenyewe chini yake, siku nzima hatakubali kukaa tena.

Kuhusu wale wenye mavazi: usimsogeze hata hatua moja. Kaeni mbali, mpungie wewe mkono. Ukisikia mwili wake umekakamaa, geuka mwende zenu, na usimwambie asiogope. Uso ule hautikisiki, macho hayapepesi, mdomo haufunguki, naye bado anajifunza kusoma nyuso za watu. Kuogopa kwake kuna akili. Wafanyakazi wenzangu waliovaa mavazi yale walikuwa wanalijua, wale wazuri walipiga magoti mbali na kusubiri mtoto aje mwenyewe.

Bibi_wa_Saba

Wanangu, niongeze moja tu ambalo halijasemwa. Asubuhi kabla ya kuingia getini mpige picha alivyovaa siku hiyo, kuanzia kofia hadi viatu. Mtoto akipotea, mzazi hukumbuka sura yake tu, hakumbuki kama fulana ilikuwa ya bluu au ya kijani. Mjukuu wangu wa nne alitupotea dakika nane. Mama yake alitaja rangi ya nguo za jana yake.

Namba ya simu iandikwe kwenye utepe wa mkononi, jina lake lisiandikwe kwa nje mtu yeyote akaliita. Na dada yake wa miaka minane muonyesheni sare ya wafanyakazi mkiingia tu, ajue wa kumwendea. Mkitengana, mmoja abaki palepale alipoonekana mwisho. Na kama kuna bwawa, mto au dimbwi lolote, mtafuteni huko kwanza kabla ya kwingine kokote.

Kingine, bisi. Zinauzwa kila kona na zinanukia, lakini mtoto chini ya miaka minne anaweza kusakamwa nazo kooni. Zabibu mbichi nazo zikatwe kwa urefu. Na asile chochote akiwa anakimbia au amepanda kitu kinachotikisika.

Mama_Wawili

Shikamoo bibi, asante. La picha nisingelifikiria kamwe. Nitarudi kuwaeleza.

Mama_Wawili

Nimerudi. Tulikwenda wote wanne.

Tulifika getini kabla hawajafungua. Tuliingia moja kwa moja kwenye sehemu ya wadogo. Nilisimama naye kwenye uzio wa farasi, akatazama mizunguko mitatu, ya nne akanivuta nguo. Tukakaa kwenye benchi, safu ya ndani. Mzunguko uliofuata akataka farasi asiyepanda. Tulipanda mara tano jumla, na kitreni kinachozunguka ziwa mara mbili. Saa nne na nusu michezo yake ilikuwa imekwisha na alikuwa na furaha.

Foleni mimi sikupanga hata moja naye isipokuwa ya chakula, na hapo brashi ya maji ilifanya kazi, ila si dakika nyingi: mtoto wa familia nyingine aliitaka, ikabidi nimpe utepe wa karatasi mmoja na mwingine brashi, wakabadilishana. Kupokezana kulifanya kazi kwenye michezo minne. Kwenye mmoja hawakuwa na utaratibu huo, baba yao akaingia na binti, mimi nikabaki.

Usingizi ulikuja saa saba na dakika ishirini, chini ya miti nyuma ya jukwaa, kama ulivyosema dada. Alilala dakika hamsini, si tisini. Alipoamka alikuwa sawa mpaka saa kumi, akaanza kusugua macho, tukatoka bila kusubiri maonyesho ya jioni. Binti hakulalamika. Alikuwa amepanda michezo saba, na ule mrefu kuliko yote alipanda na mimi, peke yetu, akinishika mkono mpaka vidole vikafa ganzi. Njiani alizungumza bila kupumua.

Dubu hakuwepo, kulikuwa na sungura. Tulipunga mkono kutoka ng'ambo ya njia. Mdogo aliuficha uso shingoni mwangu, kisha akatoa mkono mmoja, akapunga, akaurudisha.

Na kitu alichokipenda kuliko vyote ni mfereji wenye wavu wa chuma karibu na mlango wa kutokea. Alidondosha vijiti humo, kimoja kimoja, anasikiliza kila kimoja kikigonga maji. Baba yake alitaka tuwahi gari. Nikamwomba tukae. Tukakaa wote wanne, dada yake akawa anamtafutia vijiti.